Gurudumu la Nyuma, Upande wa Kushoto

Watu walipaita mahali pale Benchi, ingawa kwa hakika hapakuwa na benchi. Palikuwa na ubao wa ubavuni mwa lori, ule unaofunguliwa wakati wa kupakua mizigo, nao ulilazwa juu ya mapipa mawili ya rangi yaliyojazwa zege, kwenye kona baina ya kinyozi na duka la vifaa vya umeme, mkabala na gereji. Kila asubuhi kivuli cha jengo la ghorofa kilipofika hapo, muuza kahawa naye alifika na birika lake. Waliokalia ubao ule walikuwa na majina ya kijiweni, na anayetaka kuwajua sharti ayajue sawasawa. Kinyozi aliitwa Kiberiti, si kwa hasira kama wageni walivyodhani, bali kwa wembamba wake na kofia nyekundu asiyoivua. Kamusi alikuwa karani mstaafu wa ofisi ya ramani, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna neno lililopita mbele yake bila yeye kulishika shati. Dereva wa teksi aliitwa Ripota, jina ambalo halihitaji maelezo. Wa nne alikuwa fundi wa gereji ile ya ng'ambo. Huyo aliitwa Pazia, kwa kuwa alitunga michezo ya kuigiza, na Jumamosi ya wiki hiyo mchezo wake ulikuwa uonyeshwe katika ukumbi wa chuo cha ualimu.

Siku hiyo Pazia alivuka barabara akiwa na jambo moja tumboni. Gari dogo jeupe lilikuwa limetoka gereji muda si mrefu, likiendeshwa na mama mmoja aliyekuwa anampeleka baba yake mzee kliniki ya macho, mji wa pili, chini ya mteremko. Pazia hakuwa na hakika kama alikaza nati za gurudumu la nyuma, upande wa kushoto.

Si kwamba hakukumbuka. Alikumbuka vizuri. Alikumbuka spana mkononi, redio ya gereji ikitoa habari za hali ya hewa, nati ya juu, kisha ya chini, kisha ya kushoto, kisha ya kulia, kwa msalaba kama alivyofundishwa, halafu makofi mawili juu ya paa la gari, ambayo katika gereji ile ndiyo ruhusa ya mteja kuondoka. Lakini mchezo wake ulihusu fundi wa magari. Katika onyesho la tatu fundi huyo anakaza gurudumu jukwaani: redio inatoa habari za hali ya hewa, nati ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kulia, makofi mawili. Onyesho hilo lilikuwa halijatulia, na wiki nzima, tangu alfajiri, alikuwa akilirekebisha kichwani, huku amembeba mtoto anayeota meno, huku akimfunga mkubwa viatu vya shule, kwa kuwa mama yao alikwisha kwenda zamu kiwanda cha mikate. Kwa hiyo alikuwa na kumbukumbu moja safi kabisa, na hakujua kama ni ya mikono yake au ya jukwaa.

— Leo Pazia umekuja na macho ya samaki wa juzi, alisema Kiberiti.

— Usingizi tu, kaka.

— Usingizi ni kitu kimoja, alisema Kamusi. Uchovu ni kitu kingine. Sema unaumwa kipi.

— Ameanza huyu, alisema Kiberiti. Mpe mtu nafasi aketi kwanza.

Pazia aliketi. Muuza kahawa alimpa kikombe. Alikishika kwa vidole viwili na bila kujijua akaanza kukizungusha, kulia, kulia, kulia, kama mtu anayekaza kitu.

— Hebu niwaulize, alisema. Mtu akichoka sana, anaweza kukumbuka jambo ambalo hakulifanya?

Watatu wale walimtazama. Ripota alisogea karibu.

— Hiyo ni ya mchezo?

Pazia aliuona mlango umefunguliwa, akaingia.

— Ndiyo. Ya mchezo. Fundi kachoka, anafanya kazi mchana, nyumbani watoto, na ana kitu chake anachokipenda anakifanya alfajiri. Sasa hajui kama kamaliza kazi ya mtu au kaiota tu.

— Afanye nini asichoke, hilo ndilo swali, alisema Kiberiti. Na jibu ninalo mimi. Uchovu hautoki kwako. Uchovu unaachiwa.

— Unaachiwa na nani?

— Na watu! Mteja anakuja kwangu, kachoka hoi, anakaa kwenye kiti, nikimaliza kumnyoa anaondoka anapiga mluzi. Ule uchovu kauacha wapi? Kauacha kitini. Ndiyo maana mimi sikai kwenye kile kiti hata kwa bunduki. Na nywele nafagia kwenda nje, kamwe sifagii kwenda ndani.

— Wewe unafagia kwenda kwangu, alisema muuza kahawa.

— Na wewe ndiyo maana unachoka.

Gari lilipita. Pazia aligeuza shingo, akasikiliza magurudumu. Lilikuwa lori la mchanga. Aligeuka tena.

— Kiberiti umekosea, alisema Kamusi, akijinyoosha. Uchovu ni mgeni. Ukikuta nyumba ina nafasi unaweka mizigo. Mtu wa kazi moja anachoka kwa sababu uchovu umepata pa kukaa. Akiwa na kazi mbili, unabanana. Akiwa na tatu, unachungulia mlangoni, unaona kumejaa, unakwenda kwa jirani. Dawa ya fundi wako, Pazia, ni kazi ya nne.

— Ya nne!

— Ajifunze lugha. Au afuge nyuki.

— Mzee wangu, ulipokuwa ofisini ulikuwa na kazi ngapi?

— Moja, alisema Kamusi. Na nilichoka kupindukia. Ushahidi ndio huo.

Walicheka. Pazia naye alifungua mdomo ili aonekane anacheka. Alikuwa akihesabu barabara: soko, mzunguko wa magari, shule ya ufundi, kituo cha mafuta, kisha mteremko. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati na namba ya yule mama ilikuwamo. Kumpigia kulikuwa jambo dogo kuliko yote. Lakini mwenye gereji alikuwa mjomba wa mkewe, na yule mama alikuwa jirani wa mjomba, wanaazimana ngazi. Wiki iliyopita Pazia alisahau kifuniko cha oili juu ya injini ya mtu, na mjomba hakufoka. Alimwita pembeni akamwambia kwa upole: Mwanangu, gereji au maigizo. Nikiona kosa jingine, nitakuchagulia mimi. Akimpigia mama yule na nati zikawa zimekazwa, atakuwa amejitangaza bure, na hadi jioni mjomba atakuwa amekwisha kuchagua. Asipompigia, na nati zikawa hazikukazwa... Hapo kila mara aliyarudisha mawazo yake sokoni, akaanza barabara upya.

— Nyinyi wote hamjui, alisema Ripota. Mimi ndiye ninayekesha barabarani. Siri ni kujigawa. Mtu ana nusu mbili. Ya kulia ikifanya kazi, ya kushoto ilale. Ukifika nusu ya safari unabadilisha.

— Unabadilishaje?

— Unahamisha tu pumzi. Unavuta kwa pua hii, unatoa kwa ile. Nimeendesha hivyo miaka. Siku moja nilimpeleka mzungumzaji mmoja uwanja wa ndege, alikuwa anasema tangu mwanzo. Nusu yangu ya kulia inamjibu, ya kushoto inakoroma. Tumefika, nageuka, kumbe na yeye nusu yake imelala. Tulikuwa watu wawili ndani ya gari, lakini aliye macho ni mmoja tu.

— Na nani alikuwa anashika usukani?

— Ndilo ninalojiuliza mpaka leo.

Kiberiti alijipiga paja kwa kicheko.

— Turudi kwenye mchezo, alisema Ripota, kwa maana umenikaa. Hiyo kazi fundi asiyoikumbuka ni ipi?

— Nati, alisema Pazia. Za gurudumu.

— Oho! Sasa unasema! Gurudumu la mbele?

— La nyuma. Kushoto.

— La nyuma zuri zaidi. Gurudumu la nyuma likichomoka, dereva analiona linampita. Anasema, he, gurudumu la nani hilo? Halafu gari linainama.

— Na ndani kuna nani? aliuliza Kiberiti.

— Mama mmoja, alisema Pazia taratibu. Na baba yake. Mzee. Haoni vizuri.

— Basi barabara iwe na mteremko, alisema Kamusi. Bila mteremko hapana taharuki.

— Upo mteremko.

— Ah, mchezo umekamilika! alisema Ripota. Gari linabingirika. Watu wanapenda kubingirika. Linabingirika, linabingirika, linatua kwenye mti. Mama apone, mzee afe.

— Mzee asife, alisema Kiberiti. Mzee afumbue macho, aone! Kwa ule mshtuko. Watu watapiga makofi mpaka waumie viganja.

— Hapana, afe, alisema Kamusi. Mimi ni mzee na nasema afe. Akipona, fundi hatapata funzo.

Kikombe kilimponyoka Pazia. Kahawa ilimwagika juu ya suruali, na kikombe kikaviringika chini mpaka kwenye mfereji, ambako muuza kahawa alikifuata akinung'unika.

— Vipi, kaka? alisema Kiberiti. Mchezo tu huu.

— Imeniunguza.

— Kahawa yake haijawahi kumuunguza mtu, alisema Ripota. Wewe unatetemeka.

Ndipo alipofika mgeni. Alikuwa muuguzi aliyehamia chumba cha juu ya duka la vifaa vya umeme mwanzoni mwa mwezi, na mpaka siku hiyo alikuwa hajapewa jina la kijiweni. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, viatu vyeupe mkononi, miguuni ndala, na alikuwa na chupa ya chai aliyotaka ijazwe kahawa. Aliinua kichwa kwa namna ya kuwaamkia wote mara moja.

— Shikamoo mzee. Habari zenu, kaka zangu.

— Marahaba, alisema Kamusi. Karibu. Tunatunga mchezo.

— Nimewasikia tangu kule kwenye ngazi. Fundi kachoka, kasahau nati, gari linakwenda mteremkoni. Si ndiyo?

— Hajui kama kasahau, alisema Ripota. Utamu ndio huo.

— Sawa, alisema muuguzi, akimpa muuza kahawa chupa yake. Na ameshawapigia simu?

Kiberiti alimtazama Kamusi. Kamusi, ambaye kwa neno lolote alikuwa na maneno matatu, alishika kidevu.

— Kwenye mchezo hakuna simu, alisema Pazia.

— Kwa nini?

— Kwa sababu... akipiga, watajua.

— Watajua nini?

Muuguzi alimtazama suruali yenye kahawa, kisha mikono yenye grisi, kisha gereji iliyo ng'ambo, na hakuuliza tena. Kicheko kilikuwa bado kiko nusu usoni mwa Kiberiti, na sasa hakikujua kiende wapi.

— Pazia, alisema Kiberiti polepole. Hii ni ya mchezo, sivyo?

— Gari limetoka asubuhi hii, alisema Pazia. Jeupe. Mnalijua. Nyinyi mmeliona likipita hapa, mama yule kawapungia mkono.

— Mungu wangu, alisema Ripota. Na mimi nikamuua baba yake!

— Piga, alisema Kamusi. Piga sasa hivi, mwanangu.

Alitoa simu. Kidole kilimteleza mara mbili kwenye kioo kwa sababu ya grisi, akakifuta kwa shati, akapiga, akaweka sauti ya nje maana hakuamini mkono wake kuishikilia sikioni. Iliita. Iliita mpaka ikakatika. Muuza kahawa alisimama na birika limeinama nusu. Pazia alipiga tena.

— Haloo? Fundi?

— Mama, uko wapi?

— Nipo kituo cha mafuta, huku juu ya mteremko. Mzee alitaka maji, sasa hivi tunaondoka. Kwani nimesahau kitu?

Alikuwa na uongo mzuri, tayari, uliotungwa na mtu anayejua kutunga: kwamba amepata bei nafuu ya pedi za breki, kwamba arudi kidogo. Uongo huo ungempitisha salama kwa mjomba. Lakini ili arudi ni lazima aendeshe.

— Usiondoke, mama. Zima gari. Gurudumu la nyuma, kushoto. Sikumbuki kama nilikaza nati.

Sauti ya kizee ilisikika kwa mbali.

— Nani huyo?

— Fundi, baba.

— Anasemaje?

— Anasema hakumbuki.

— Hakumbuki nini? Mbona kijana!

— Mama, alisema Pazia, shuka ushike nati moja moja kwa vidole. Ujaribu kuizungusha. Anza na ya juu.

Walisikia mlango, na kokoto chini ya viatu.

— Ya juu... hapana, haizunguki.

— Ya chini.

— Hii nayo ngumu. Fundi, mimi naona zimekaza tu.

Kiberiti alivua kofia yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akajifutia uso.

— Umeona? alinong'ona. Umejitia presha bure.

— Ya kushoto, mama, alisema Pazia.

Kokoto zilisikika tena, yule mama akichutama.

— Hii inazunguka.

— Inazunguka kwa vidole?

— Kwa vidole, fundi. Kama kifuniko cha chupa. Na hii ya kulia pia. Ee Mola, hii imebaki kidogo itoke!

Pazia aliinama, viwiko juu ya magoti. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alijua sawasawa kilichotokea. Mbili za kwanza zilikazwa na mikono yake. Mbili zilizofuata zilikazwa jukwaani, katika onyesho la tatu, na fundi ambaye hayupo. Mahali fulani baina ya nati ya chini na ya kushoto alikuwa ameondoka gereji akiwa amesimama palepale.

— Kaa hapo, mama. Usilisogeze hata kidogo. Nakuja na spana. Nisamehe.

— Njoo kwanza, alisema yule mama. Mengine baadaye. Hili mjomba wako atalijua.

— Najua.

Simu ilikatika, na Benchi likalipuka. Ripota aliruka kwenda kwenye teksi yake, akisema atampeleka bure, leo nusu zote mbili ziko macho. Kiberiti alimpiga Pazia mgongoni kwa nguvu kama anayemtoa mwiba kooni. Kamusi alianza kueleza kwamba tangu mwanzo yeye alikuwa ameshuku, maana mtu hatetemeki kwa ajili ya mtu wa kubuni.

— Wewe ulitaka mzee afe! alisema Kiberiti.

— Wa mchezo! Nilisema wa mchezo!

— Na mchezo wa Jumamosi utaendelea? aliuliza muuza kahawa.

— Uendelee, alisema Kiberiti. Sasa una mwisho mzuri. Simu inaita, mama anashuka, nati inazunguka. Hakuna haja ya mti.

— Hakuna haja ya mti kabisa, alikubali Kamusi.

Pazia alisimama. Miguu ilikuwa myepesi na kichwa kizito, na kwa muda mfupi alihisi furaha ya mtu aliyetua mzigo. Mjomba atasema atakalosema. Watu wawili walikuwa wamesimama kwenye kituo cha mafuta, wazima, wamemkasirikia, na hasira yao alikuwa tayari kuipokea kwa mikono miwili.

Muuguzi alikuwa akifunga chupa yake. Alipiga miayo mirefu, akaomba radhi, akachukua viatu vyake vyeupe chini.

— Fundi, alisema. Kabla ya hilo jeupe, ulitengeneza lipi?

— Pikapu. Ya mwenye duka la vioo. Jana jioni.

— Ulifungua magurudumu?

— Yote manne.

— Na hiyo unakumbuka uliyakaza?

Pazia alimtazama. Ripota, aliyekuwa amewasha injini, aliizima ili asikie.

Alikumbuka. Alikumbuka gurudumu kwa gurudumu, spana, sauti ya redio, kila nati kwa mahali pake, bila kasoro hata moja, kama mtu aliyeketi viti vya mbele. Alitafuta doa lolote katika kumbukumbu hiyo, jambo dogo lisilopangwa, mkono uliochubuka, mtu aliyepita akamsemesha, na hakuliona.

— Twende, kaka, aliita Ripota. Mama anangoja.

— Nisubiri kidogo, alisema Pazia.

Akavuka barabara, si kwenye rafu ya spana bali moja kwa moja kwenye mlango wa ofisi ya mjomba, kwa kuwa namba za simu za wateja wote zilikuwa kwake, na pikapu ile haikuwa gari pekee alilolikumbuka vizuri.